Kurekodi harusi ya Kiyahudi bila kusumbua ibada

Wiki moja kabla, zungumza na rabi mwenyewe. Muulize utasimama wapi wakati wa khupa (kile kitambaa cha juu ya nguzo nne wanachofungia ndoa chini yake), kama wanaume na wanawake watacheza mbalimbali, na kama bwana harusi atavaa kitel, kanzu nyeupe ya juu ya suti. La kitel wengi hulisahau. Maikrofoni iliyobanwa kwenye koti ikifunikwa na kanzu, maneno ya pete yanatoka na mkwaruzo mtupu. Ngoja avae, ndipo uibane juu ya kitel.

Kama harusi ni Jumamosi usiku, usiingize wala kuwasha chochote kabla Sabato haijaisha. Mwanamume uvae kofia ndogo, na usilete chakula chako kwenye ukumbi wa kosher (unaofuata sheria za Kiyahudi za chakula). Pakiwa na pazia la kutenganisha, upande wa wanawake arekodi mwanamke.

Zima milio ya kamera na uzibe taa yake nyekundu kwa utepe mweusi. London rekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/50. Marekani, ambako umeme ni hezi 60, fremu 30 na 1/60, la sivyo taa za ukumbi huleta michirizi. Pima mwanga kwa gauni, maana suti nyeusi zitaidanganya kamera na weupe wote utaungua.

Bedeken ni bwana harusi kuja na wanaume wakiimba, kumtazama bibi harusi na kumshushia shela. Huenda ikaisha kwa dakika moja. Tangulia, usimame ubavuni mwa kiti cha bibi harusi. Ukifuata msafara utapata migongo.

Chini ya khupa, kwa kawaida bibi harusi husimama kuliani kwa bwana harusi, na pete huingia kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa bibi harusi. Kwa hiyo weka tripodi na lenzi ya milimita 70-200 pembeni mbele, upande wa bibi harusi. Ukiwa upande wa pili, mwili wa bwana harusi unaficha mkono. Kwa Waashkenazi wengi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki) bibi harusi humzunguka bwana harusi mara saba. Kaa mbali na njia yake.

Glasi iliyofungwa kitambaa huvunjwa kwa mguu wa kulia, na papo hapo ukumbi mzima hupaza "Mazel tov!" (hongera). Rekodi nakala ya pili ya sauti iliyo chini kwa desibeli 12, kwa sababu nakala ya kwanza itapasuka. Wageni husimama wote, kwa hiyo kamera ya pili iwe juu ya vichwa tangu mwanzo.

Yihud, wanapojifungia wawili huku mashahidi wakilinda mlango, usiwafuate. Badilisha betri, weka lenzi ya milimita 24 na uingie ukumbini mapema: duara la hora, ngoma ya kuzunguka, hufunga haraka, na viti vya maharusi vikiinuliwa, aliye nje haoni kitu.