Kuuza kadi za michezo mtandaoni: ipi iende peke yake, zipi ziende kwa fungu

Kadi za michezo ni zile zenye picha za wachezaji, ambazo watu huzikusanya. Kabla ya kupiga picha hata moja, piga hesabu ya kitakachobaki mkononi. Tuseme kadi inauzwa 100, posta inayolipwa na mnunuzi ni 20, vifungashio ni 5, na mtandao unakata asilimia 13. Mitandao mingi hukata ada kwenye jumla yote, posta ikiwemo, kwa hiyo makato ni 15.6. Kwenye 120 uliyolipwa toa makato, posta na vifungashio, unabaki na 79.4. Sasa weka kadi ya 10 kwenye hesabu hiyohiyo: makato ni 3.9, posta ni ileile 20, vifungashio ni vilevile 5, na unachobaki nacho ni 1.1. Hapo bado hujalipwa muda wa kuandika tangazo wala kufunga bahasha. Kadi kama hiyo ni ya kuingia kwenye fungu, hata kama mchezaji ni kipenzi chako.

Bei ya kuingiza kwenye hesabu ni ile watu waliyokwisha kulipa, maana bei ya kwenye tangazo ambalo bado halijauzwa ni matumaini ya muuzaji tu. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, kuna kichujio cha vitu vilivyouzwa, na kinaonyesha mauzo ya takribani siku 90 zilizopita. Tafuta mauzo matano ya karibuni ya kadi ileile, yenye hali ileile. Ukiona bei imepigwa mstari, ujue muuzaji alikubali ofa ya chini kuliko hiyo.

Neno "ileile" ndilo linalowagharimu wauzaji wengi. Kadi mbili zinaweza kuwa na picha moja na namba moja, lakini zikawa matoleo tofauti. Chukua Prizm, seti (yaani kadi zilizotolewa pamoja) ya kampuni ya Panini: kadi ya kawaida na ile ya toleo liitwalo Silver hufanana sana ukizitazama kwa haraka. Igeuze. Ya Silver ina neno Prizm limechapwa nyuma, ya kawaida haina. Kisha iinamishe chini ya taa, na ya Silver itatoa rangi za upinde wa mvua. Tafuta pia namba ya mfululizo, kwa mfano 23/99, maana yake zimechapwa 99 tu na hii ni ya 23. Kwa kadi za takribani 1987 hadi 1993 usitarajie makubwa: zilichapwa kwa wingi mno, na nyingi zinafaa fungu tu. Zipo chache zinazostahili kwenda peke yake, kama ya mchezaji wa besiboli Ken Griffey Jr., namba 1 ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, na hata hiyo hali yake ndiyo huamua.

Kichwa cha tangazo kifuate maneno ambayo mnunuzi atayaandika anapotafuta: mwaka, kampuni, seti, jina, namba, toleo, timu. Mfano: 2018-19 Panini Prizm Luka Doncic RC #280 Silver Prizm Dallas Mavericks. eBay inatoa herufi 80, usizimalize kwa maneno kama "nzuri sana", hakuna anayeyatafuta. RC ni alama ya kadi ya msimu wa kwanza wa mchezaji. Iandike pale tu inapostahili.

Picha ziwe mbele na nyuma, kadi ikiwa imetolewa kwenye kasha, juu ya kitu cheusi kisichong'aa, mwanga ukitoka pembeni. Skana huonyesha pembe na kingo vizuri lakini huficha mikwaruzo ya usoni, kwa hiyo kwa kadi zinazong'aa ongeza picha moja ya simu ukiwa umeinamisha kadi. Kasoro iliyoonekana kwenye tangazo hupunguza bei kidogo. Iliyogunduliwa na mnunuzi inarudisha kadi, na posta ya kurudi mara nyingi ni juu yako.

Mnada unafaa kadi inayogombewa, hasa mchezaji anapong'ara. Kadi inayotafutwa na wachache iwekee bei maalumu na uruhusu ofa, la sivyo itachukuliwa na mtu mmoja kwa bei ya kuanzia.

Sasa fungu. Fungu linalouzika lina mnunuzi wake tangu mwanzo: mchezaji mmoja, timu moja, au seti moja ambayo mtu anajaribu kuikamilisha. Fungu la kila kitu kidogo hununuliwa na wachuuzi peke yao, nao hutoa bei ya kutupa. Kadi 10 hadi 30 za mchezaji mmoja ni kiasi kizuri, bado zinaingia kwenye kifurushi kidogo. Andika idadi kamili, taja zilizojirudia, na eleza hali ya ile mbaya kuliko zote. Panga tisa tisa kwa kila picha ili majina yasomeke. Fungu la seti lazima liwe na orodha ya namba, kwa sababu mkamilishaji anatafuta namba anazokosa.

Bei yake ipange kwa kujumlisha thamani ya kadi tatu au nne bora, kisha ongeza kidogo kwa zilizobaki. Ukiona kadi moja inabeba zaidi ya nusu ya bei, itoe iuzwe peke yake. Na usiandike kwamba "huenda" kuna kadi ya thamani ndani wakati umeshazipekua zote. Huo ni udanganyifu.

Kadi moja hufungwa hivi: kwanza kifuko laini cha plastiki, kisha kasha bapa gumu linaloitwa topuloda. Kasha la kawaida hutosha kadi yenye unene wa hadi pointi 35, yaani kama milimita 0.9, lakini yenye kipande cha jezi inaweza kufika pointi 130, na ukiilazimisha kwenye kasha dogo pembe zinavunjika. Ziba mdomo wa kasha kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, ncha ukiikunja ili ivutike kirahisi. Selotepu huacha gundi, na mnunuzi anaweza kuichana kadi akihangaika kuitoa. Weka kasha kati ya vipande viwili vya boksi, kisha ndani ya bahasha yenye vipovu vya hewa.

Fungu lisifungwe kwa mpira, kwani mpira hukata kingo za kadi za nje. Gawa kadi katika vibunda vya 30 hivi, kila kimoja kwenye kifuko chake, halafu jaza nafasi zote za boksi kwa karatasi. Litikise: ukisikia kitu kinacheza, pembe zitagongwa njiani. Kadi mia tupu zina uzito wa takribani gramu 180, ila pima kifurushi kikiwa kimeshafungwa kabla ya kutangaza posta. Za kung'aa zilizokaa muda mrefu penye joto na unyevu huweza kugandana. Usizibandue kwa nguvu, na usizihesabu kama nzima.

Kila kadi iliyotangazwa ipe namba ya mahali ilipo, uiandike kwenye kasha na kwenye kumbukumbu za tangazo, ili ikiuzwa baada ya miezi sita uipate papo hapo.