Namna ya Kuandaa Betri Chakavu za Lithiamu Kabla ya Kuzipeleka Kurejelezwa

Betri ya kompyuta mpakato inapokataa kushika chaji, mara nyingi haijafa yote. Ndani ya ganda lake, hasa ikiwa ya kompyuta ya zamani, huwa na seli kadhaa za duara, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na si ajabu kukuta jozi moja tu ndiyo iliyozikwamisha nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kiwanda, chukua multimita, kifaa cha kupimia volti.

Fungua ganda kwa kibanzi cha plastiki, kwa sababu bisibisi ikitoboa seli au ikigusa ncha zake mbili kwa pamoja, shoti yake huwasha moto. Seli inayosoma chini ya volti 2 isichajiwe tena. Nyingine zichajiwe hadi volti 4.2 kwa chaja inayojikata yenyewe, kisha ziachwe wiki mbili. Itakayoshuka chini ya volti 4 itengwe, na zilizotulia zifungiwe saketi ya kinga, inayozuia chaji kuzidi au kuisha kupita kiasi, na kutumika kwenye taa au redio. Kwa maoni yangu, hakuna urejelezaji safi kuliko huu.

Zilizokufa zizibwe ncha kwa tepu ya umeme, moja moja, na kufukiwa katika ndoo ya mchanga mkavu, mbali na jua na jiko. Betri ya simu iliyovimba kama andazi isitobolewe ili “itoe upepo”: gesi hiyo hushika moto, na chumvi ya lithiamu iliyomo ikikutana na unyevu huzaa floridi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kali. Wapo wanaozilowesha katika maji ya chumvi ili kuzimaliza chaji, lakini usiwaige. Ncha huliwa na kutu, na maji machafu huishia mtaroni.

WEEE Centre ya Nairobi na kituo cha Enviroserve kilichoko Bugesera, Rwanda, hupokea taka za kielektroniki. Unapokabidhi mzigo, uliza seli zitaishia wapi. Tanuri la kuyeyushia huokoa kobalti, nikeli na shaba, lakini huteketeza grafiti na kuiacha lithiamu kwenye mabaki. Kuzisaga bila hewa na kuuyeyusha kwa asidi unga mweusi unaopatikana huokoa zaidi, mradi maji ya asidi yasafishwe. Betri za lithiamu zenye chuma na fosfeti (LFP), zilizojaa kwenye mifumo ya sola, hazina kobalti, nazo hujaa kwenye volti 3.65 tu, basi zitengee ndoo yake na uiandike ubavuni.