Boksi la wufa lenye bezi ya chini: anza na namba za wufa ndo uende kwenye mbao

Watu wengi wakitaka bezi nzito wanakimbilia wufa kubwa na amplifaya ya nguvu, alafu boksi wanaligonga tu kwa mbao zilizopo, na hapo ndo bezi inapopotelea. Chukua wufa iweke mezani bila boksi uiunganishe, utaona koni inatikisika kabisa lakini sauti ya chini huisikii, kwa sababu hewa inayosukumwa mbele inazunguka kuziba pengo lililoachwa nyuma na mawimbi yanafutana. Boksi lipo kutenganisha pande hizo mbili, na ukubwa wake unaamuliwa na wufa yenyewe. Sio macho.

Kwa hiyo tafuta karatasi ya wufa yako uangalie namba tatu. Fs ni masafa (mitikisiko kwa sekunde, yanaandikwa Hz) ambayo koni inapenda kutikisika yenyewe ikiwa nje ya boksi, Vas ni lita za hewa zenye ulaini sawa na ule wa kingo zinazoshika koni, na Qts inakuambia koni inavyojizuia isiendelee kucheza ovyo. Wanaitwa Thiele na Small waliotuwekea hizi hesabu kule Australia, Thiele mwaka 1961 na Small mwanzoni mwa miaka ya 70, na mpaka leo programu za bure kama WinISD zinatembea humohumo.

Tuseme wufa yako ni ya inchi 10, Fs 30 Hz, Qts 0.38, Vas lita 60. Ukitaka boksi lililozibwa kabisa, gawanya 0.707 kwa Qts, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa 1, alafu Vas igawanye kwa hicho ulichopata. Hapa inakuja kama lita 24, boksi dogo zuri, bezi yake kavu na inayokata haraka, ila inaanza kushuka kwenye 56 Hz hivi. Kwa mtu anayesikiliza gitaa la bezi na ngoma inatosha sana, lakini wewe unataka ile ya chini kabisa, na kwa wufa yenye Qts ya namna hii poti, yaani bomba lililo wazi kwenye ukuta wa boksi, ndo jibu. Qts ikishafika 0.5 na kupanda mi nakushauri ubaki na boksi la kuziba, maana kwenye poti itavuma tu.

Poti inafanya kazi kama ukipuliza mdomo wa chupa, hewa iliyo ndani ya bomba inapiga kwa masafa yake, na kwenye masafa hayo bomba ndo linatoa sauti huku koni karibu imesimama. Wufa yetu inataka kama lita 56 zilizopangwa kwenye 30 Hz, na bezi itafika hapohapo kwenye 30 kabla ya kuanza kupungua. Linganisha na ile 56 ya boksi la kuziba, ni karibu oktavi nzima, yaani masafa yamepungua karibu nusu! Kumbuka pia kushuka oktavi moja kwa sauti ileile kunataka koni iende mbali mara nne, kwa hiyo poti inaiokoa sana wufa.

Urefu wa bomba: chukua 23562 uzidishe kwa kipenyo mara kipenyo kwa sentimita, gawanya kwa lita mara masafa mara masafa, alafu toa 0.73 mara kipenyo. Bomba la sentimita 10 linakuja na urefu wa 39 na kidogo. La 7.5 lingekuwa fupi, kama 21, na linavutia kwa sababu linaingia kirahisi, ila ukifungua sauti hewa inapita kwa kasi na utasikia inapuliza fuu fuu juu ya mziki, kwa hiyo vumilia bomba nene.

Sasa vipimo. Zile lita 56 ni hewa tupu, lazima uongeze nafasi ya wufa yenyewe, bomba na mbao za kukaza, hapa karibu lita 8. Ndani sentimita 36 kwa 36 kwa kina cha 50 inakupa 64.8, na bomba likitokea mbele linabakiza kama sentimita 12 kabla ya ukuta wa nyuma, sawa kabisa, isipungue kipenyo cha bomba.

Mbao tumia MDF au plaiwudi ya milimita 18, na katikati weka mbao ya kukaza inayogusa kuta zinazotazamana, maana ukuta ukitikisika unakula nguvu na kuongeza sauti yake. Gundi kila kiungo kwa wingi, kikikauka pitisha silikoni kwa ndani kwenye kona zote, na wufa ifunge juu ya gasketi ya mpira au sponji nyembamba. Pamba weka kwenye kuta tu, mdomo wa bomba uachwe wazi. Ukitaka kujua kama kunavuja, piga toni ya chini kwa sauti ndogo alafu pitisha mkono kwenye viungo vyote, hewa ikikupuliza umeshalipata tundu.

Bomba likate refu kwa sentimita 2 zaidi ya hesabu. Piga toni kutoka 40 Hz ukishuka taratibu huku unaangalia koni, pale inapotulia kuliko kote ndo masafa ya boksi lako. Ikitulia chini ya 30, punguza bomba kidogokidogo, kwenye boksi hili kila sentimita 3 ni kama 1 Hz. Chini ya masafa hayo ya boksi koni haina kitu cha kuishikilia na inaweza kugonga, kwa hiyo kwenye amplifaya washa filta ya kukata kila kilicho chini ya 25 Hz kabla hujapandisha sauti.