Nyuso mbili, taa moja: kushuti filamu ya mtoto aliyepotea Moshi

Hadithi yenyewe si ngeni. Mama mzungu anaingia kituoni analia, anadai kijana mweusi kaondoka na gari lake na mtoto kalala kiti cha nyuma. Mpelelezi, naye mweusi, ana mashaka, mtaa unachemka. Kwenye karatasi inakwenda vizuri. Inaharibika kwenye mahojiano, wawili hao wakiwa fremu moja. Ama uso wa mama unaungua ukawa mweupe pe, ama mpelelezi anabaki macho na meno. Filamu ya kupinga ubaguzi ikimficha mmoja gizani, imejipinga yenyewe.

Mchawi wa kwanza ni oto, yaani kamera kujipangia mwanga yenyewe. Mama akiinama mbele kamera inapunguza mwanga, akirudi nyuma inaongeza. Zima oto zote, hata ya rangi. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni hezi 50. Kwa 1/60 taa nyingi za ndani huleta mistari inayotembea ukutani.

Taa iwe moja, nyuma ya shuka jeupe lililokazwa kwenye fremu ya mbao ya mita 1 kwa 1. Isimame ubavuni mwa mpelelezi, mbele yake kidogo: yeye mita 1 kutoka kwenye shuka, mama mita 2. Mama atapata chini ya nusu ya mwanga wa mwenzake, nyuso zikaribiane bila kulingana. Ngozi nyeusi huonekana vizuri kwa mng'ao, kwa hiyo mpelelezi apakwe mafuta kidogo shavuni. Poda ni ya mama. Pima mwanga usoni kwa mpelelezi. Paji la mama likiungua, sogeza kiti chake nyuma, lenzi usiiguse. Kuta za rangi ya krimu humrudishia mama mwanga, basi tundika kitambaa cheusi upande wake, na asivae nguo nyeupe.

Mpelelezi avae kiraia. Sare ya polisi haivaliwi bila ruhusa.

Msako wa usiku ushuti wakati wa magharibi. Jua huzama saa 12 na nusu hivi, na mwanga wa buluu haukai zaidi ya dakika 20, kwa hiyo mazoezi yaishe saa 12 kamili. Adhana inaangukia hapo hapo. Chukua picha tu, sauti za kumwita mtoto zirekodiwe kesho yake.

Kibali cha Bodi ya Filamu hakitoshi. Mwenyekiti wa mtaa, balozi wa nyumba kumi na kituo cha polisi wajulishwe siku moja kabla, na asubuhi ya kushuti wakumbushwe. Jina la mtoto lisiwe la mtoto yeyote wa mtaa huo. Na neno "mwizi" lisipigwe kelele nje hata kwenye mazoezi: watu wa mtaa kama Majengo, hapo Moshi, watatoka na fimbo, na mwigizaji wako hatapata nafasi ya kueleza kwamba ni filamu. Lirekodiwe ndani, mlango umefungwa.