Kagua pikipiki iliyotumika injini ikiwa baridi

Wewe uliyemaliza mafunzo ya udereva na unatafuta pikipiki iliyotumika, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha sogeza kiganja karibu na injini uhakikishe haina joto, ndipo upige kiki. Injini iliyokwisha kupata moto huwaka kwa urahisi na kuficha ubovu, ilhali iliyolala usiku kucha huuonyesha: ikidai kiki nyingi huenda ina kasoro, na ikitoa moshi wa bluu usiokoma inaunguza oili, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni, yaani pete zinazoizunguka pistoni ndani ya injini, zimelika. Kipimo hiki hakisaidii pikipiki ikiwa imeshinda juani, wala hakifichui fremu iliyopinda kwa ajali. Kwa hilo, mwombe mwalimu wako aiendeshe kwanza.