Gemu inajizima kila saa? Usiifute kwanza
Wakuu, gemu ya Steam (programu ya kununua na kucheza gemu kwenye kompyuta) ikiwa inajizima palepale kila ukifika, hasa kama umeme ulikatika katikati ya apdeti, usikimbilie kufuta ushushe GB 90 upya, bando litalia. Nenda Library, raiti kliki gemu, Properties, Installed Files, bonyeza Verify integrity of game files. Inalinganisha mafaili yako na ya seva, inashusha mabovu tu, mara nyingi MB chache. PS4 jaribu hivi: izime kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mlio wa pili, chomeka pedi kwa waya, chagua Rebuild Database (inapanga upya orodha ya vilivyomo kwenye diski), gemu hazifutiki. Ila ile Verify ya Steam haitoi mafaili ya ziada ya mods (mabadiliko ya gemu yaliyotengenezwa na watu) uliyopachika, na kama inazimika kompyuta nzima hapo mara nyingi ni joto au pawa saplai, kasafishe vumbi kwanza.