Uzi wa jahazi dogo: upake nta kabla ya kuufunga

Kwa mnaochonga majahazi ya mapambo: uzi wa pamba ukiufunga ulivyo, vinyweleo vyake huonekana kama manyoya na jahazi zima linaharibika sura. Dawa yake ni nta ya nyuki, na sisi wa Tabora hatuna kisingizio. Wauza asali wanayo. Chukua ile yenye harufu ya asali. Mshumaa wa dukani haufai, unabanduka vipandevipande.

Bana uzi kwa kidole gumba juu ya bonge la nta, uvute mara mbili tatu. Kisha uvute tena haraka katikati ya vidole hadi usikie joto. Hapo nta inalainika na kuingia ndani, vinyweleo vinalala, na fundo likikazwa halilegei ovyo.

Ila fuata mpangilio. Rangi kwanza, maana uzi wenye nta haushiki rangi: loweka kwenye chai ya rangi iliyokolea, upate udhurungi wa kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi), uanike ukauke kabisa. Pili, chovya ncha kwenye supaglu na uikate mshazari. Inakuwa ngumu kama sindano na kupenya tundu la abedari, yaani kapi la kupitishia kamba, bila kuhangaika. Nta ndiyo ya mwisho, kwani gundi nayo haishiki vizuri juu yake.

Unene pia uangalie. Kwa kipimo cha 1:50, kamba ya milimita 25 ya jahazi halisi inakuwa uzi wa nusu milimita. Henza, kamba ya kupandishia tanga, iwe nene kuliko demani, kamba ya kuongozea tanga, ya tanga dogo.